Mchele wa Muscat

Mtu akikwambia anakaa Mombasa, muulize kwanza ni ipi. Ya kwetu ni ya Ukonga, kituo cha daladala unachokifikia kabla ya Gongo la Mboto, na haina bahari. Asubuhi inanuka vitumbua na moshi wa mkaa, mchana vumbi na dizeli, magharibi samaki wa kukaanga. Ndege zinazoshukia Uwanja wa Julius Nyerere zinapita juu ya bati zetu, chini kiasi cha watoto kuzipungia mkono. Mahali kama hapa, mwanamke anayetoa fedha ya kodi ya nyumba kununua chupa ya manukato isiyojaa kiganja anahesabiwa kuwa na kasoro. Kasoro hiyo ninayo. Mume wangu aliikuta, na posa akaleta hivyo hivyo.

Walimu wenzangu shuleni wananiuliza faida yake. Faida siijui. Ninachojua ni kwamba manukato mazuri hayapigi hodi. Unayakuta ukishamkaribia mtu, ukitaka kumpa mkono au kumbusu mtoto aliyembeba. Yale yanayotangulia mlangoni kabla ya mwenyewe ni ya biashara. Na Dar es Salaam inahitaji tahadhari yake. Chupa nyingi zimetengenezewa watu wanaovaa makoti. Ukizileta kwenye joto la Februari, ngozi inachemka, spiriti inaruka, mafuta yanapanda yote kwa pamoja, na kile kilichokuwa mnong'ono kule Ufaransa huku kinakuwa kipaza sauti. Kwa hiyo napulizia mara mbili: nyuma ya sikio moja, na kwenye pindo la mtandio, maana kitambaa hakitoki jasho na kinashika harufu mpaka kesho yake.

Baba Nuru haamini mara mbili. Yeye anajipulizia kama anayeua mbu.

Ya kwake yanatoka Kariakoo, yale ya kupima. Msomaji wa Dar anayajua maduka hayo: rafu nzima za chupa kubwa za mafuta, kila moja na jina la kampuni ya Paris au Dubai lililoandikwa kwa kalamu, na kijana mwenye sindano ya hospitali isiyo na ncha anayevuta mililita unazotaka, anazimimina kwenye kichupa, anaongeza spiriti, anatikisa, anakuapia. Siyadharau. Attari, mafuta matupu yanayopakwa kwa kijiti, ndiyo njia ya zamani kuliko hizi pampu zetu, na inakaa karibu na mwili kwa adabu. Ugomvi wangu na mume wangu uko kwenye spiriti. Anaambiwa mafuta kiasi gani, anasema kidogo. Spiriti kiasi gani, anasema jaza. Spiriti hiyo iwekeni akilini, tutaihitaji mbele.

Kijana wetu wa kidato cha tatu naye ana unyunyu wa kopo. Akitoka chumbani asubuhi unajua katoka, na akisharudi jioni unajua alitoka. Sikumlaumu sana nilipoelewa jinsi pua inavyofanya kazi: harufu ya kudumu huizoea ndani ya dakika chache, ikaacha kuitaarifu akili. Mwenye manukato ndiye wa kwanza kudhani yameisha, naye anaongeza. Nusu ya mateso ya abiria wa Gongo la Mboto–Kariakoo inaelezeka hapo. Nusu nyingine ni kikwapa, na hiyo haina haja ya sayansi.

Basi katika nyumba hiyo yenye madhehebu matatu ikaingia chupa kutoka Muscat.

Aliileta wifi yangu, dada yake Baba Nuru, aliyetoka Wete akaolewa huko. Oman kuna Waswahili wengi wenye asili ya Unguja na Pemba, wengine waliohamia baada ya 1964, na mmoja wao akija likizo salamu yake hukosi kuisikia puani. Waoman wana sababu ya kujisikia. Miti ya ubani ya Dhofar imefanyiwa biashara tangu kabla ya Kristo, na mwaka 1983 wakaanzisha pale Muscat nyumba ya manukato iitwayo Amouage, wakamwita Mfaransa, Guy Robert, awatungie ya kwanza. Wakati watu wengine wananunua Paris, wao waliiajiri Paris. Chupa yangu ilitoka katika mila hiyo: nzito, mfuniko wa dhahabu, na wifi aliponinong'oneza bei nikamwomba kwa jina la Mungu asimwambie kaka yake.

Manukato yana maadui wawili, joto na mwanga, na nyumba ya bati ni kambi ya wote wawili. Pembe pekee yenye ubaridi kwetu iko chumbani, upande wa ukuta unaokingwa na mwembe. Pembe hiyo ilikuwa na mwenyewe tayari: gunia la mchele wa Kyela, ambalo halikai jikoni kwa sababu ya panya. Kando yake, ikiwa imeegemezwa ukutani, ipo meza yangu ya kioo yenye droo, na droo ina kitasa. Chupa ikaingia humo, ufunguo ukaingia kwenye pochi. Niliitoa siku ya Idi, na siku ya harusi moja ya Kitunda, na siku ambazo hakuna mtu nyumbani, nifungue tu mfuniko nivute pumzi. Baba Nuru alikuwa akisema nimeoa mke mwenza na kumfungia.

Mama mkwe alikuja na boti kutoka Pemba kwa ajili ya kliniki ya macho, na mzigo wake mkubwa kuliko wote haukuwa nguo. Ulikuwa chetezo, mrashi wa shaba, halud, sandali ya vipande, udi wa aina zake, na kitenga cha kufunikia chetezo ili nguo zitandazwe juu na kula moshi. Kuanzia jioni ya kwanza nyumba ilibadilisha uongozi. Ikishaswaliwa magharibi, chetezo kinazunguka vyumba vyote, kinaingia kabatini, kinapita chini ya vitanda, kinamfuata kijana wangu mpaka kwenye vitabu vyake vya fizikia.

Nilikaa naye nikajifunza. Udi wenyewe, aliniambia, ni mti mgonjwa. Mti mzima haunuki kitu. Ni kweli: ukungu ukiuingia, mti unatoa utomvu mweusi kujikinga, na huo utomvu ndio utajiri. Miti hiyo ni ya Asia, kuanzia Assam mpaka Indonesia, na imekatwa mno hata biashara yake sasa inadhibitiwa kimataifa. Ndiyo maana akina mama wa Visiwani hawachomi vipande vitupu kila jioni, wanapika udi. Sukari inayeyushwa, vipande vinatiwa, marashi na miski vinafuata, ukipoa unagandamana na kukatwa vijipande. Kijipande kimoja kinatosha sebule.

Jioni moja nilifungua droo nikamtilia tone mkononi. Alifumba macho, akakaa kimya mpaka nikadhani kalala.

"Ubani," akasema. "Waridi. Asumini nazo zimo, ila zimechumwa jua limeshatoka." Akanusa tena. "Na zabadi imo humu, usinifiche."

Zabadi ni ute wa ngawa, mnyama ambaye Pemba anajulikana zaidi kwa kuiba kuku. Sikuwa na la kuficha wala uhakika wa kumpinga. Nikamweleza kwamba hata langilangi ya kwake pale Wete, ile inayoangusha maua uani bila kuombwa, mafuta yake yanakamuliwa Komoro na kupelekwa Ufaransa, na yamo ndani ya Chanel No. 5 tangu Ernest Beaux alipoitunga mwaka 1921. Akafikiri.

"Nao huvaa na kanga gani?"

Kisha akaitazama droo. "Mama Nuru, mwanangu. Chupa yote hii wamwekea nani?"

Nikasema ni ya siku maalumu. Akaguna ule mguno wa Kipemba ambao haujibiwi.

Siku ya tukio mvua ya masika ilikuwa inanyesha tangu alfajiri na udi wake ulikuwa umekwisha. Kwa kuwa uani palikuwa maji matupu, alileta jiko la mkaa ndani, ukumbini, akaweka sufuria, akatia sukari. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi. Sukari ikaanza kuyeyuka na kuwa nyekundu, vipande vikaingia, moshi wa kwanza ukaja mtamu kabisa, na Mama mkwe, asiyeweza kuacha kukoroga, akapaza sauti: "Baba Nuru! Niletee marashi!"

Alimaanisha maji ya waridi yaliyokuwa dirishani. Lakini mwanawe, aliyekuwa amelala kidogo mbele ya televisheni, aliamka na utii wote wa mtoto wa kwanza, akaingia chumbani, akarudi na ya kwake. Akamkabidhi mama yake kile kichupa cha Kariakoo. Mama mkwe macho yake ndiyo hayo yaliyomleta kliniki. Akamimina.

Maji ya waridi yakiingia kwenye sukari ya moto yanachemka tu. Spiriti ni jambo lingine. Mvuke wake ulishuka pembeni mwa sufuria, ukakutana na mkaa, na ukumbi mzima ukatoa sauti moja: buu! Moto wa buluu ukapanda, ukaunguza pindo la pazia, ukashuka. Mama mkwe, na hili nitamshuhudia mpaka siku ya mwisho, hakupiga kelele. Alichukua mfuniko akaufunika pale pale, na moto ukafa. Isipokuwa sufuria iliyumba, sukari ikamwagikia makaa, na moshi uliotoka hapo haukuwa wa udi tena. Ulikuwa mweusi, mtamu, mnene, na ulitoka kwa madirisha yote.

"Motooo!" Huyo alikuwa Nuru, ameshafika barabarani.

Mgeni wa Ukonga anaweza kushangaa kwa nini mtaa mzima ulikuwa mlangoni kwetu kabla sijafuta mikono nazi. Watu wa huku walikuwepo usiku wa Februari 16, mwaka 2011, ghala la silaha la jeshi lilipolipuka Gongo la Mboto. Watu zaidi ya ishirini wakapoteza maisha na maelfu wakakimbia usiku kucha na watoto mgongoni. Tangu hapo, mtu wa Ukonga akisikia neno moto haulizi swali la pili. Walikuja na ndoo za mchanga. Walikuja na madumu ya maji, huku mvua ikiwanyeshea. Mama wa genge alikuwa anapiga 114 kwa mkono mmoja na kushikilia mwamvuli kwa mwingine. Vijana wa bodaboda waliingia ndani bila viatu, kwa heshima ya zulia, wakaanza kuokoa: mtungi wa gesi kwanza, na hapo niliwaheshimu; kisha televisheni, godoro, feni, picha ya harusi yetu.

"Hakuna moto," Mama mkwe alikuwa akisema kutoka kwenye kigoda chake, mfuniko mkononi. "Udi huu. Wanangu, udi huu." Hakuna aliyemsikia. Mjumbe wetu akasimama mbele yake, maji yakimchuruzika.

"Bibi, shikamoo. Nini kinaungua?"

"Marahaba. Sukari."

Wakati huo huo vijana wawili walikuwa wameifikia meza ya kioo. Waliinyanyua vizuri, mmoja huku, mmoja kule, wakaigeuza kwa ubavu ipite mlangoni. Fundi aliyenitengenezea ile meza alikuwa mtu wa kitasa. Kitasa alikichagua imara. Sakafu ya droo aliigongelea hadibodi kwa misumari ya viatu. Hadibodi ikaachia. Chupa ikashuka, ikagonga chuma cha kitanda, shingo ikavunjika, na mwili wake ukatua kichwa chini katikati ya gunia, ambalo mdomo wake mimi mwenyewe niliuacha wazi asubuhi baada ya kupima mchele wa mchana. Kitasa kilibaki kimefungwa barabara.

Hilo nililigundua baadaye. Kwanza kulikuwa na wageni. Maana moshi uliposhuka na vitu kurudishwa, Mama mkwe hakukubali watu watoke hivi hivi. Alisimama mlangoni na mrashi wake, na kila aliyekuja na ndoo akanyunyiziwa maji ya waridi viganjani, akayapaka usoni, akaenda. Bodaboda walipanga foleni. Mjumbe alinyunyiziwa mara mbili kwa cheo chake. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipokewa kwa tambuu na kumiminiwa marashi ya Damascus, na tangu nimesoma habari hiyo nilikuwa nadhani ni mambo ya masultani. Kumbe yanawezekana pia kwenye nyumba yenye mchanga sebuleni.

Ndipo nikaingia chumbani.

Sitaeleza nilivyolia, Baba Nuru anaeleza vizuri zaidi, na kila mara anaongeza. Nitaeleza harufu. Kwa miezi yote ile niliijua ile chupa kwa tone, kwa pumzi. Sasa ilikuwa imesimama chumbani kwa ukamilifu wake, ndimu zake, waridi zake, ubani, na kitu kizito chini kabisa ambacho sikuwahi kukifikia. Hata katika msiba ule nilisema, Subhanallah, kumbe ulikuwa na haya yote.

Mchele hunywa harufu, kila mpishi anajua. Ndiyo maana hauwekwi karibu na mafuta ya taa. Ule wa Kyela, wenye sifa ya kunukia wenyewe, ulikunywa Muscat mpaka tone la mwisho. Vigae vyote tuliviokota, tukapepeta, tukauanika juani uani kwa mkeka. Jua likaja, harufu ikapanda, na watu waliotoka kuswali adhuhuri walipinda njia ili wapite kwetu. Tukauosha kikombe kimoja, tukaupika, kwa kuwa Baba Nuru hawezi kuona mchele ukitupwa. Aliutia mdomoni punje chache mbele ya mama yake, akautema. Spiriti ya manukato mara nyingi hutiwa kitu kichungu makusudi ili watu wasiinywe, na uchungu huo haukuondoka kwa maji wala kwa tui. Tukawatupia kuku wa jirani. Walidonoa mara moja, wakatutazama.

"Basi," alisema Mama mkwe. "Tafuta kanga kuukuu na sindano."

Alikata vipande, akashona vifuko vya ukubwa wa ndimu, akavijaza mchele, akavipanga kabatini kati ya nguo. Nilidhani ananipoza. Lakini masika ile, ambapo kila kabati la Ukonga lilikuwa linanuka ukungu, la kwetu lilikaa kavu, kwa sababu mchele unavuta unyevu, na kila shuka lililotoka humo lilikuwa limetoka Oman. Wiki hazikupita nyingi ndimu zikapotea, kisha waridi. Ndivyo manukato yanavyokwenda, vyepesi vinatangulia. Kilichobaki kwenye zile punje ni ubani, na mti, na ile zabadi ya Mama mkwe kama kweli ni zabadi. Nikawa naisikia kila siku, hata siku za kusahihisha mitihani.

Jirani wa kwanza alikuja na kikombe cha chai. Alisema ni cha mtoto, nguo zake za shule hazikauki. Wa pili alikuwa anamtoa binti yake na anataka kidogo cha kutia kwenye mito ya bwana harusi. Mama wa genge alichukua sahani nzima na kuacha nyanya. Mjumbe alituma mtoto, kisha akaja mwenyewe, akavunga vunga na habari za taka na za ulinzi shirikishi, mwisho akasema ana viatu vya mikutano ambavyo, kwa kweli, vimemshinda. Kijana wangu aliacha unyunyu. Sijui kama ni kwa ajili ya kifuko alichotia kwenye begi au kwa ajili ya msichana aliyemuuliza kina nini ndani. Baba Nuru peke yake ndiye aliyerudi Kariakoo. Safari hii, alisema, spiriti aliomba nusu.

Halafu wifi akapiga simu ya video. Mama mkwe ndiye aliyeipokea, akaishika karibu mno kiasi kwamba Muscat nzima ililiona sikio lake, na sauti ikawa wazi kwa nyumba yote. Wifi akasalimia, akauliza macho, akauliza mvua. Kisha: "Na ile chupa niliyompa Mama Nuru, anaitumia? Maana mama, ile si ya mchezo." Na akaitaja bei. Aliitaja kwa riali, lakini Baba Nuru ana binamu anayetuma fedha kila mwezi na hesabu ya riali anaijua kuliko ya shilingi. Alikaa chini taratibu, kwenye mkono wa kochi.

"Tunaitumia sote, mwanangu," alisema Mama mkwe.

"Imebaki kiasi gani?"

"Ipo tele. Jana nilipopima zilikuwa kilo kumi na mbili."